Masikio Yake Yalikuwa Mazima

Binti yangu alianza kuongea mapema, na akishaanza hakunyamaza. Nyumbani kwetu Chonyonyo tunaongea Runyambo. Sokoni na shuleni ni Kiswahili. Mama mkwe wangu, anayeishi Kimuli upande wa Kyerwa, amekulia kwenye Kinyarwanda, Runyambo anaielewa, ila Kiswahili hakijawahi kumkaa mdomoni. Kwa hiyo mtoto, kabla hata hajaanza shule, akawa mkalimani wake. Bibi akija kututembelea walishikana mikono wakaenda dukani, bibi anasema lake, mjukuu analigeuza, muuza duka anacheka. Wakirudi, mtoto ananisimulia mambo yote, pamoja na yale ambayo bibi alimkataza kuyasema.

Mimi ni seremala. Karakana yangu ni banda la mabati nyuma ya nyumba, kibanja kinaanzia hapo hapo, migomba mbele na mibuni chini yake. Alikuwa anakaa juu ya rundo la maranda, ananiuliza maswali mpaka nasahau kipimo nilichokuwa nimeshika. Mama yake alisema siku moja watu watafikiri nafanya kazi na redio.

Sijui hasa ilianza lini. Nakumbuka alianza kusema "eh?" mara nyingi. Unamwambia neno, anakutazama, anasema "eh?", unarudia, anasema "eh?" tena. Halafu akawa anajibu mambo ambayo hakuulizwa. Mama yake alimwambia akaangalie kama mbuzi amekata kamba, yeye akaenda akaleta kikombe. Akawa anasahau majina ya vitu, anasema "kile", "kile cha pale". Tukampeleka zahanati, wakamtazama masikio, wakatupa dawa ya matone. Tulimtia matone mpaka chupa ikaisha. Mama yake akasema ni ukaidi wa kuanza darasa la kwanza, utaisha. Mimi nilifikiri ni uchafu wa masikio. Kila mmoja alishika la kwake.

Siku iliyonitoa kwenye mawazo hayo ilikuwa siku ya kahawa. Tulikuwa tumeanika kwenye turubai uani, wingu likaja ghafla kutoka upande wa mto Kagera, na msimu wenyewe haukuwa wa mvua. Mtoto alikuwa amesimama pembeni kabisa ya turubai. Mimi nilikuwa mbali, nimebeba mbao, nikapaza sauti, "Mama, kunja turubai, kunja!" Binti zetu tunawaita mama, ni heshima na ni mapenzi. Radi ilinguruma, naye akatazama juu pale pale. Nikapaza sauti tena. Akanigeukia, akatabasamu, akaanza kuruka ruka kana kwamba nimemwambia acheze. Mvua ikatuwahi. Nilikwenda nimekasirika. Nilipomfikia, niliona hanitazami machoni. Alikuwa anatazama mdomo wangu, anaufuatisha, na midomo yake mwenyewe inajaribu kufanya kama ninavyofanya. Hasira ikaniisha. Nikamwingiza ndani, nikamfuta maji.

Kesho yake nilimkalisha karakana, mgongo kwangu, nikampa vipande vya mbao ajenge nyumba. Nikagonga ubao nyuma yake, akageuka. Nikakwaruza msumeno kidogo tu, akageuka. Nikaangusha msumari mmoja kwenye bati, akasimama, akautafuta, akaniletea. Nikakaa kimya mpaka akarudi kwenye mchezo wake, kisha nikamwita jina lake kwa sauti ya kawaida. Akageuka kama mtu anavyogeuka akisikia mbuzi analia. Akatazama kidogo, akaona hakuna jambo, akaendelea kujenga.

Nikamwita mke wangu aje aone. Nilirudia yote, msumari na jina. Mke wangu alikaa kwenye benchi la kazi akiwa na unga mikononi.

"Kwa hiyo anasikia," alisema.

"Anasikia."

"Sasa mbona hatusikii sisi?"

Niliokota ule msumari, nikauangusha tena.

Haukupita muda mrefu tukapatwa na jambo jingine. Asubuhi moja, mwanga ukiwa umeshaingia dirishani, mama yake alikwenda kumwamsha, akamkuta mwili umekakamaa, mkono mmoja unarukaruka, mate yenye damu kidogo yanamtoka mdomoni. Nilikimbilia pale na kitambaa cha kazi begani. Tulimlaza ubavu, tukamshika kichwa kisigonge kitanda. Kulipotulia alilala usingizi mzito. Alipoamka alikuwa ameng'ata ulimi, na hakujua lolote.

Kwetu kifafa kinaitwa ensimbu, na watu hulitamka jina hilo kwa kushusha sauti. Mke wangu hakulitamka kabisa. Alisema, "Ni ule ugonjwa," na nikajua anasema upi, maana kwao kulikuwa na shangazi aliyeungua motoni akipika.

Tulikwenda hospitali ya wilaya jirani, ambako tuliambiwa kuna daktari wa watoto na kipimo cha masikio. Daktari alikuwa kijana, anaandika taratibu na kuuliza sana. Alitupa vidonge vya kifafa vya kuanzia, kisha akampeleka mtoto kwenye chumba kidogo chenye kuta nene. Walimvalisha vifaa vya kusikilizia masikioni. Alitakiwa kutumbukiza kifungo kwenye kopo kila akisikia mlio. Kumweleza kwa maneno ilikuwa haiwezekani, kwa hiyo muuguzi alijivalisha mwenyewe kwanza, akafanya, mtoto akaona. Akaelewa mara moja. Nilimtazama kupitia kioo. Mimi niliyekuwa nje sikusikia mlio wowote, ila niliona mkono wake unakwenda kwenye kopo, tena, na tena, hata mwisho, pale ambapo muuguzi alikuwa ameshusha sauti kabisa.

Daktari alitoka na karatasi, akakaa nasi.

"Baba, masikio ya mtoto huyu ni mazima. Pengine ni mazima kuliko yangu."

"Basi tatizo liko wapi?" aliuliza mke wangu.

"Nina wazo, lakini sitaki niwadanganye. Watoto wa namna hii nimewasoma kitabuni. Sijawahi kumwona hata mmoja. Nendeni Mwanza, mkapimwe ubongo akiwa usingizini."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Angeweza kutuandikia vidonge tu tukarudi nyumbani, tukashukuru.

Kabla ya safari tuliambiwa nywele za mtoto zifumuliwe na zioshwe, zisitiwe mafuta, na tumcheleweshe kulala ili pale hospitalini asinzie mwenyewe. Mama yake alimfumua nywele kwenye gesti tuliyofikia Mwanza, wamekaa kitandani. Kwa kawaida kazi hiyo ilikuwa ya makelele, mtoto akilalamika kuvutwa. Safari hii ilikuwa kimya. Kufikia hapo maneno yake yalikuwa yamebaki machache sana, na hayo nayo alikuwa anayatamka vibaya, kana kwamba ameyasikia kwa mbali. Ukimtazama usingejua kama ana huzuni au amechoka kubahatisha.

Kipimo chenyewe hakiumi. Mtaalamu alimbandika nyaya nyingi kichwani kwa dawa nzito kama gundi, akamfunga kitambaa, akamlaza. Kwenye skrini ikatokea mistari, kila mmoja kwa waya wake, inakwenda na mawimbi madogo. Mtoto alikuwa amechoka, akasinzia upesi. Alilala vizuri, mdomo wazi kidogo, mkono wake ndani ya mkono wa mama yake. Ndipo mistari ikabadilika. Ilianza kupanda na kushuka kwa kasi, ncha kali zimefuatana bila nafasi, upande mmoja na kisha wote. Nilimtazama mtoto: hatikisiki, anapumua polepole. Nikatazama skrini: kama mvua kubwa ya mawe. Nikamtazama mtoto tena. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kulala kwa amani namna ile huku ndani yake kunatendeka vile.

"Anapata degedege sasa hivi?" nilimuuliza mtaalamu.

"Mwili haupati. Ubongo unapata. Daktari atawaeleza."

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ndogo. Alimkalisha mtoto kwenye meza yake, akampa kalamu za rangi, kisha akatugeukia.

"Sikio linapokea sauti," alisema. "Kazi ya kuzipanga sauti ziwe maneno inafanyika huku ndani." Akajigusa juu ya sikio. "Mtoto anajifunza kazi hiyo miaka ile ya mwanzo, na usingizini ndipo ubongo unatunza kile alichojifunza mchana. Kwa mwanenu, sehemu hiyo inapigwa na umeme wa kifafa kila anapolala. Haipati kupumzika. Kwa hiyo anasikia mvua, anasikia mbwa, anasikia kwamba mnaongea. Ila maneno yanafika yamevurugika. Na mtu asiyesikia maneno, baada ya muda, naye anaacha kuyasema."

Mke wangu aliuliza lile lililokuwa kifuani kwetu sote wawili. "Akili yake?"

"Mtazame," daktari alisema.

Mtoto alikuwa amechora meza ya daktari, mafaili, na daktari mwenyewe na miwani yake, na hata feni iliyokuwa juu, panga zake zote.

"Akili ipo," alisema daktari. "Ila nisiwaahidi kwamba maneno yote yatarudi. Kuna watoto yanarudi, kuna watoto yanarudi nusu. Tutajaribu kuzima huo umeme, mapema iwezekanavyo. Na msingoje maneno ndipo muongee naye. Mwonyesheni kwa mikono, kwa picha, kwa chochote. Mtoto asikae bila lugha."

Alibadilisha vidonge, akaeleza kwamba vile vya kwanza, kwa kifafa cha aina hii, wakati mwingine havisaidii. Akaongeza dawa nyingine ya steroidi, akatuonya tusiiache ghafla hata kama mtoto anaonekana amepona. Dawa hiyo ilimtia njaa mtoto, akaanza kula. Alikula ebitoke, ndizi zetu za kupika, asubuhi, mchana na jioni, akamaliza sahani yake akatazama yangu. Mashavu yakajaa. Watu wakapita njiani wakatuambia, "Mtoto amenawiri," nasi tukashukuru, tufanyeje.

Si wote waliokuwa wema hivyo. Jirani mmoja alikuwa anamuoza binti yake, tukaalikwa kwenye karamu ya kumuaga. Akina mama walikaa kwenye mikeka na watoto, chakula kimewekwa kwenye sinia kubwa, kila mtoto anakula humo humo. Binti yangu alipokaribia, mwanamke mmoja aliyekuwa anagawa akamwekea chakula chake peke yake kwenye kisahani cha plastiki, akakisukuma pembeni. Hakusema neno, wala hakufanya kwa ubaya wa wazi. Alikuwa anaogopa mate, kama watu wengi wanavyoogopa. Mke wangu aliona. Nami niliona kwa mbali, kutoka walipokaa wanaume, na nilijua mke wangu ni mtu wa kusema.

Hakusema. Alikwenda akakaa kando ya mtoto, akatia mkono kwenye kile kisahani, akala. Wakala wote wawili, tonge kwa tonge, mpaka kikaisha. Kisha akamkabidhi yule mwanamke kisahani kitupu, akamwambia kwa upole, "Asante dada, kimetosha." Baadaye kidogo mama mwenye karamu, mtu mzima, akaja na sinia lake akakaa karibu nao, akamvuta mtoto ale naye. Jambo likaishia hapo. Njiani kurudi mke wangu alisema, "Mate ya mtoto wangu nimeyaramba tangu anazaliwa. Kama yanaambukiza, ningekuwa nimeshaanguka zamani."

Swali la shule lilikuwa gumu zaidi. Mwalimu wake wa darasa la kwanza alikuwa mwanamke mwenye subira, lakini darasa lilijaa, na mtoto alikuwa anatoroka katikati ya kipindi, anakwenda kukaa chini ya kahawa za shule. Tukasikia kwamba huko Kyerwa, si mbali na Kimuli, kuna shule yenye darasa la watoto viziwi. Mke wangu alikataa.

"Yeye si kiziwi. Umeona mwenyewe kile kipimo."

"Najua si kiziwi. Daktari alisema asikae bila lugha."

"Na akizoea mikono, akaacha kabisa kutafuta maneno?"

Hofu hiyo hata mimi nilikuwa nayo. Tulimpigia daktari wa Mwanza, akasema alama za mikono haziui maneno, huenda zikayashikia nafasi. Tukakubaliana. Mtoto akaenda kukaa kwa bibi yake Kimuli, asubuhi anakwenda shule kwa miguu, na mimi nikawa nakwenda kila Jumamosi kwa pikipiki, nikipeleka unga, vidonge na chochote nilichokuwa nimekichonga.

Jambo ambalo hatukulifikiria lilikuwa bibi. Yule mama mkwe wangu, ambaye maisha yake yote alikataa kujifunza Kiswahili, alijifunza alama. Mtoto alirudi shuleni kila siku na alama mpya, akamfundisha bibi jikoni. Nilifika Jumamosi moja nikawakuta wamekaa kibarazani wanachambua maharage, mikono inaacha maharage, inasema jambo, inarudi kwenye maharage. Nilisalimia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba," kisha akamgeukia mtoto, akavuta ndevu ambazo hana na kufanya kama anapiga randa. Mtoto akacheka mpaka akainama. Nikauliza wamesema nini. Bibi akanijibu kwa Runyambo kwamba hilo ndilo jina langu pale nyumbani, na kama nataka jingine nilipe mahari tena upya. Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kumsikia mtoto wangu akicheka kwa sababu ya kitu alichoambiwa.

Watoto wa darasa lile hawakumwona wa ajabu. Yeye pekee alikuwa akigeuka kengele ikipigwa, basi wakamfanya mtu wa kuwaambia kengele imelia. Alipenda kazi hiyo. Akija nyumbani likizo, alama zake zilikuwa nyingi kuliko zetu, na mama yake, aliyekuwa ameogopa, akawa ndiye anayeniuliza, "Hii ni nini, na hii?" wakati mtoto anatungoja tuelewe, kama mwalimu anayefundisha watu wazito.

Ilikuwa kwenye likizo ya namna hiyo. Mimi nilikuwa kibanjani nakata majani makavu ya migomba. Mke wangu alitoka jikoni akaja moja kwa moja kupitia kwenye majani, na mkononi amebeba mfuko wa chumvi. Akasimama mbele yangu.

"Nimemwambia alete chumvi," alisema.

Sikuelewa. Nilitazama chumvi.

"Nilikuwa nimempa mgongo," alisema. "Nilikuwa nakoroga. Nimesahau tu. Nimesema kama zamani, *reeta omwonyo*. Akaleta."

Tulisimama pale. Nilitaka kukimbia nikamjaribu mtoto, nimuite, nimwambie alete kila kitu kilichomo ndani ya nyumba. Mke wangu akanishika mkono.

"Muache," alisema. "Tule kwanza."

Tulikula. Hatukumwambia kitu, ila mama yake alikuwa anamwongezea mchuzi bila kuombwa. Kesho yake mke wangu akasema maneno yale yale, amempa mgongo, na mtoto hakugeuka. Siku iliyofuata pia hakugeuka. Halafu ukaja wakati akasikia "amaizi", maji, na akasikia "ija", njoo. Ilikwenda hivyo, inakuja inapotea, kwa miezi. Runyambo ilitangulia. Kiswahili kilichelewa sana, na kilipokuja kilipitia machoni: aliona neno limeandikwa, akaliona kwenye mdomo wa mtu, ndipo sikio likalikubali. Tulirudi Mwanza, akalazwa tena chini ya nyaya, na safari hii mistari usingizini ilikuwa na ncha hapa na pale, na katikati yake nafasi pana za utulivu. Daktari aliitazama muda mrefu. Alisema tuanze kupunguza steroidi polepole.

Alirudi shule ya kwetu akiwa mkubwa kuliko wenzake wa darasa. Mwalimu yule mwenye subira alikuwa amehamishiwa darasa hilo hilo, akamweka mbele, karibu na ubao, akajizoeza kutoongea akiwa amelipa darasa mgongo. Tukaanza kuona mipaka. Mtu mmoja akiongea mahali tulivu, binti yangu anaelewa. Wawili wakiongea pamoja, anapoteza. Na mvua ikinyesha hapati chochote. Darasa lina bati tupu, na kwetu mvua zikianza mnajua ni za miezi. Aliporudi nyumbani siku za mvua alilala moja kwa moja, amechoka kama mtu aliyelima kutwa.

Nilikwenda kwa mwalimu nikamuuliza mvua ikinyesha wengine wanasikia nini.

"Hakuna anayesikia," alisema. "Huwa naandika ubaoni tu, au nawaambia walale juu ya madawati. Nimezoea."

Sikuwa na mbao za kutosha kutengeneza dari. Nilichoweza ni mikeka ya mafunjo, ipunguze kelele za bati. Niliongea na wazazi wengine baada ya ibada, baadhi wakatoa mikeka, wengine wakaenda bondeni kukata mafunjo mapya, na wake zao wakasuka. Mimi nikatengeneza fremu za fito na kuzining'iniza chini ya bati. Tuliifanya kazi hiyo likizo, tukamaliza darasa moja. Haikuwa nzuri sana kuitazama. Mikeka ilitofautiana rangi, na mmoja ulilegea katikati kama tumbo. Mvua ya kwanza ilipokuja nilikwenda kusimama dirishani. Mwalimu alikuwa anafundisha. Alikuwa anapaza sauti, lakini alikuwa anafundisha. Aliponiona aliendelea, akanyoosha tu kidole juu, halafu akanionyesha binti yangu, ambaye alikuwa ananyanyua mkono kutaka kujibu. Alijibu vibaya, nadhani, maana wenzake walicheka na yeye akacheka. Mwaka uliofuata wazazi walitaka darasa la jirani nalo lifanyiwe vile, na mafundi wakawa wengi, mimi nikawa wa kushauri.

Sasa yuko darasa la sita. Hajaanguka kwa muda mrefu. Sauti yake imebaki na namna yake, imenyooka, haipandi wala haishuki, na wageni hudhani ametoka mbali. Kwaya ya watoto kanisani walimuomba ajiunge, kwa upendo kabisa. Akawaambia nyimbo zinamchosha, angependa kufuta viti. Simu hapendi kuisikiliza, anapenda kuandikiwa. Kimuli anakwenda kila likizo, na yeye na bibi yake bado wanasemana kwa mikono hata pale ambapo mdomo ungetosha, hasa wakitaka kutusengenya.

Niliwahi kumuuliza kile kipindi kilikuwaje. Nilikuwa nimeogopa kumuuliza, kisha siku moja tukiwa karakana, tunapiga msasa mguu wa kiti, nikauliza tu.

"Ulikuwa hutusikii?"

"Nilikuwa nawasikia," alisema.

"Ulisikia nini?"

Alifikiri. Kisha akafanya sauti ya bata mzinga, ndefu, yenye kupanda na kushuka, na kwa mkono akanionyesha mdomo unaofunguka na kufunga. "Wewe hivyo. Mama hivyo. Wote hivyo. Nilidhani mmeanza kuongea lugha nyingine, na mimi mmenificha."

"Ulikasirika?"

"Nilikuwa nangoja mnifundishe," alisema, akarudi kwenye msasa.

Mwezi uliopita tulikwenda kliniki. Daktari anasema kama kipimo kijacho kitakuwa safi, tunaweza kuanza kupunguza vidonge vya kifafa vilivyobaki, kidogo kidogo. Mama yake ana wasiwasi na hafichi; amesema ikiwezekana tungoje shule zifungwe, mtoto awe nyumbani mbele ya macho yetu. Nimekubaliana naye. Mtoto alisikiliza mazungumzo yote hayo, macho yakihama kutoka mdomo wa mama yake kuja wangu. Tulipomaliza aliuliza jambo moja, kama akiacha vidonge ataruhusiwa kupanda mparachichi tuliomkataza tangu augue.

"Tutaona," alisema mama yake.

"Tutaona ni ndiyo au hapana?" aliuliza mtoto.